Kuvika ekzosi utepe wa kuzuia joto: Nafuu kwa dereva, hatari kwa bomba

JOTO la bomba la moshi, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la ekzosi, humsumbua dereva yeyote ambaye gari lake limetengenezwa kwa mtindo wa kukalisha injini chini ya viti vya mbele.

Magari ya aina hiyo ni mengi katika barabara za Tanzania, Zanzibar ikiwemo. Miongoni mwake ni Toyota Hiace za abiria, pamoja na vile vigari vidogo vya mizigo vya Suzuki Carry ambavyo mitaani hupewa jina la kirikuu.

Kwa gari linalotoka Madungu, mjini Chake Chake, na kushika njia ya Wete au Mkoani, tatizo hilo huongezwa na umbile la kisiwa chenyewe. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Gari lililojaza abiria au magunia ya karafuu hulazimika kupanda kwa gia namba mbili au moja, injini ikifanya kazi kubwa huku mwendo ukiwa mdogo na upepo wa kuipoza ukiwa haba.

Katika hali hiyo, baadhi ya wenye magari hushawishika kutafuta utepe wa kuzuia joto. Huu ni mkanda uliofumwa kwa nyuzi zisizoungua, ambao huzungushwa juu ya bomba la moshi mithili ya bandeji juu ya mguu wenye jeraha. Utepe huo ulipata umaarufu katika magari ya mashindano, na leo huuzwa kwa mtu yeyote anayeutaka.

Swali la msingi ni iwapo kifaa hicho kinafaa katika kisiwa chenye mvua nyingi na hewa ya chumvi. Jibu ni kwamba kinafaa katika sehemu chache na kwa masharti. Kikitumiwa ovyo, huozesha bomba upesi na kuwaweka wasafiri katika hatari ya kuvuta hewa yenye sumu bila wao kujua.

Joto hilo linatoka wapi

Injini ya petroli haigeuzi mafuta yote kuwa mwendo. Kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi, takriban theluthi moja tu ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta, na mara nyingi chini ya hapo, ndiyo inayozungusha magurudumu. Theluthi nyingine huchukuliwa na maji ya rejeta, na inayobaki hutoka pamoja na moshi.

Ndiyo maana moshi unaotoka kwenye mitungi ya injini ya petroli inayofanya kazi nzito huweza kufikia nyuzijoto 700 hadi 900 za Selsiasi. Moshi wa injini ya dizeli kwa kawaida huwa na joto dogo kuliko hilo, lakini nao hupita nyuzijoto 500 gari linapopanda kilima na mzigo.

Kadiri moshi unavyosafiri kuelekea nyuma ya gari, ndivyo unavyopoteza joto kupitia ukuta wa bomba. Joto hilo halipotei bure. Hupasha moto boneti, sakafu ya gari, nyaya za umeme, mirija ya mafuta na miguu ya dereva.

Utepe hufanya nini

Tepe nyingi zinazouzwa hufumwa kwa nyuzi za kioo, na nyingine kwa nyuzi zinazotokana na mawe ya volkano yaliyoyeyushwa. Nyuzi za kioo za kawaida huvumilia takriban nyuzijoto 500 hadi 600 kwa matumizi ya muda mrefu, na zile za mawe ya volkano huvumilia zaidi.

Kinachozuia joto hasa si nyuzi peke yake. Ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi hizo. Hewa iliyotulia ni mpitishaji hafifu mno wa joto, kwani chuma cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa. Kanuni hiyo ndiyo inayolifanya blanketi limpatie mtu joto.

Bomba likishavikwa, joto hubaki ndani na kusafiri na moshi hadi nyuma. Manufaa yake ni mawili. La kwanza ni kwamba sehemu zilizo karibu na bomba hupoa. La pili ni kwamba hewa inayovutwa na injini huwa na joto dogo, na hewa ya namna hiyo ni nzito, hivyo hubeba oksijeni nyingi zaidi ya kuchomea mafuta.

Tofauti hiyo inaweza kukokotolewa. Hewa yenye nyuzijoto 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 ikilinganishwa na hewa yenye nyuzijoto 30. Kwa gari la mashindano, kiasi hicho kinaweza kutenganisha mshindi na mshindwa.

Hata hivyo, gari la kawaida linalotoka Madungu kwenda sokoni halishindani na yeyote. Magari mengi ya siku hizi huvuta hewa kutoka sehemu ya mbele iliyo mbali na ekzosi, kwa hiyo mwenye gari asitarajie kuona nguvu mpya wala kuokoa mafuta kwa kiasi cha kujivunia. Kwake yeye, faida ya kweli ya utepe ni kinga dhidi ya joto.

Maji na chumvi

Tatizo kubwa la utepe huanza pale unapolowa. Kitambaa kilichofumwa hunyonya maji na kuyashika dhidi ya ukuta wa bomba. Bomba lililo wazi hukauka dakika chache baada ya mvua, ilhali bomba lililovikwa huweza kubaki na unyevu kwa saa nyingi, hasa gari likiwa limeegeshwa.

Pemba hupata mvua za masika kati ya mwezi Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Disemba. Gari linalopita katika madimbwi ya msimu huo hurushiwa maji na tope chini kwa chini kila siku. Ukiongeza hewa ya bahari, ambayo huifikia sehemu kubwa ya kisiwa, utepe hugeuka kuwa sifongo ya maji yenye chumvi.

Maji hukauka lakini chumvi hubaki. Kila mvua inaponyesha, chumvi ile huyeyuka upya na kuendelea kula chuma. Kumwagia gari maji baridi chini yake, jambo ambalo kwa kawaida ni zuri baada ya safari ya ufukweni, halisaidii sana hapa, kwa kuwa chumvi imekwisha kujificha ndani ya nyuzi.

Ubaya mwingine hutoka ndani ya bomba lenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua huzalisha karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Katika safari fupi za mjini, bomba halipati muda wa kupata moto wa kutosha, na sehemu ya mvuke huo hugeuka matone yanayotuama kwenye sailensa. Hivyo bomba huliwa na kutu kutoka ndani kwa maji ya moshi, na likivikwa utepe huliwa kutoka nje pia.

Jambo la tatu ni joto lenyewe. Utepe hulizuia bomba kupoa, kwa hiyo chuma chake hufanya kazi kikiwa na moto mkali kuliko kile alichokikusudia mtengenezaji. Chuma cha kawaida kikizidi takriban nyuzijoto 500 hubanduka magamba upesi, na manifoldi ya chuma cha kalibu huweza kupata ufa. Hii ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji wa manifoldi hukataa kutoa dhamana kwa kifaa kilichovikwa utepe.

Bomba la chuma kisichoshika kutu huvumilia mambo hayo vizuri zaidi, ingawa nalo halisalimiki kabisa mbele ya chumvi. Mabomba mengi yanayochomelewa katika gereji za kawaida ni ya chuma cha kawaida.

Hatari isiyoonekana

Bomba likitoboka mahali palipo wazi, dereva husikia mngurumo na fundi huona masizi meusi kandokando ya tundu. Tundu lililo chini ya utepe hufichika. Sauti hupungua, masizi humezwa na nyuzi, na moshi huchuruzika taratibu chini ya sakafu.

Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo huunyima mwili oksijeni hata pale mtu anapovuta pumzi kama kawaida.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Ni rahisi kwa abiria kudhani kuwa amechoshwa na safari au amelevywa na mwendo wa gari. Watoto, wajawazito na wagonjwa wa moyo huathirika upesi zaidi. Gari lililofungwa madirisha kwa sababu ya mvua ndilo lenye hatari kubwa, na mvua ndiyo hiyo hiyo inayolitoboa bomba.

Hatari nyingine ni moto. Utepe safi hauungui, lakini utepe uliolowa oili au dizeli hugeuka utambi. Dizeli huweza kuwaka yenyewe bila cheche inapokutana na joto la takriban nyuzijoto 210, na petroli katika takriban nyuzijoto 250 hadi 280. Gari linalovuja oili halifai kuvikwa utepe mpaka uvujaji huo utengenezwe kwanza.

Somo kutoka baharini

Wakazi wa Pemba wanaosafiri kwa meli kupitia bandari ya Mkoani hukaa, pengine bila kufahamu, juu ya mabomba ya moshi yaliyovikwa vizuri. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974, unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS na kusimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, una kanuni inayohusu jambo hili.

Kanuni hiyo inazitaka meli zinazohusika na mkataba kufunika sehemu yoyote ya mitambo inayozidi nyuzijoto 220, iwapo mafuta yanaweza kuirukia pale mrija unapopasuka. Sababu yake ni hiyo iliyokwisha kuelezwa, yaani dizeli inayorukia chuma chenye moto haihitaji kiberiti.

Ikumbukwe kuwa bomba la injini ya meli limo ndani ya chumba kikavu, hukaguliwa na wahandisi walio kazini, na juu ya kifuniko chake mara nyingi huwekwa bati la kuzuia mafuta yasipenye. Ekzosi ya gari iko chini, kwenye tope, na haiangaliwi mpaka ipige kelele. Somo la kuchukuliwa baharini ni kwamba kuvika bomba na kulikagua ni kazi moja isiyogawanyika.

Ngao ya bati ni bora

Watengenezaji wa magari wamekwisha kulitatua tatizo hili kwa njia rahisi. Chini ya magari mengi, kati ya bomba na sakafu, mna vipande vya bati vyepesi vilivyofungwa kwa bolti. Hizo ndizo ngao za joto, na haziligusi bomba.

Nafasi ya hewa iliyoachwa hapo ndiyo inayofanya kazi. Bati huakisi joto lirudi chini, upepo hupita katikati na kulichukua, na maji hayapati mahali pa kutuama. Bomba hubaki wazi, hukauka haraka, na fundi huliona lote kwa tochi.

Bahati mbaya ni kwamba bati hilo likilegea hupiga kelele, na mara nyingi dawa inayotolewa ni kuling'oa na kulitupa. Baada ya hapo ndipo dereva huanza kulalamika kuwa sakafu inachoma. Kabla ya kununua utepe, ni vyema kuangalia kama ngao za kiwandani bado zipo. Zikiwa hazipo, fundi wa bati anaweza kutengeneza nyingine kwa gharama ndogo, akiacha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye bomba.

Bati lililopakwa zinki lisigusane na bomba, kwa kuwa zinki huyeyuka kwa nyuzijoto 419. Aidha, kulichomelea bati hilo hutoa moshi unaodhuru mapafu, hivyo lifungwe kwa bolti.

Ngao ni muhimu zaidi kwa magari yenye bodi za mbao yanayobeba abiria na mizigo. Mbao inayopata joto kali siku baada ya siku hukauka, hubadilika rangi na hatimaye huungua. Makumbi, majani makavu au kamba za usumba zilizonasa juu ya bomba ziondolewe kila gari linapokaguliwa.

Kwa wenye pikipiki, ngao ya ekzosi huuepusha mguu wa abiria na jeraha la moto. Wanaoiondoa kwa ajili ya urembo huwaachia kovu watu wengine.

Iwapo utepe ni lazima

Zipo sehemu ambazo ngao haienei, kwa mfano pale ambapo bomba linapita karibu mno na mrija wa mafuta au waya na hakuna njia ya kuvisogeza. Hapo utepe unaweza kutumika kwenye kipande kifupi, kwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, bomba lifunguliwe, lisuguliwe kutu kwa brashi ya waya na kupimwa kama linavuja. Bomba lililokwisha kuliwa lisivikwe, bali libadilishwe, na gasketi zake ziwe mpya.

Pili, fundi avae glavu, mikono mirefu, miwani na kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Nyuzi za kioo huwasha ngozi na kuumiza macho na koo.

Tatu, watengenezaji wengine huelekeza utepe ulowekwe kwanza ili ulainike na ukaze vizuri. Maelekezo hayo yakiwepo, yatumike maji baridi safi, wala si maji ya kisima chenye chumvi.

Nne, kwa bomba linaloteremka, kazi ianzie chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia ule uliotangulia kwa robo ya upana wake. Kwa namna hiyo maji huteleza nje kama yanavyoteleza juu ya makuti ya paa. Kwa utepe wenye upana wa sentimita 5 na bomba lenye kipenyo cha sentimita 5, kila mita moja ya bomba huhitaji zaidi kidogo ya mita 4 za utepe.

Tano, ncha zifungwe kwa mikanda au waya wa chuma kisichoshika kutu. Viungo vya bolti, sehemu inayonyumbulika, kihisio cha oksijeni na kisafisha moshi viachwe wazi. Kisafisha moshi huzalisha joto lake chenyewe na kinaweza kuharibika kikifunikwa.

Sita, injini iwashwe nje, mahali penye upepo. Utepe mpya hutoa moshi na harufu kwa muda mfupi, kisha huacha. Moshi ukiendelea siku za baadaye, hiyo ni dalili ya oili au mafuta yanayovuja.

Saba, utepe ukaguliwe kabla na baada ya kila msimu wa mvua. Uliochanika, uliolowa oili au uliopata madoa ya kutu uondolewe. Kung'oa utepe uliochakaa na kuliangalia bomba ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na maisha ya abiria.

Vitu vya kuepukwa

Magunia, matambara na kamba za usumba havifai hata kidogo, kwani vyote huwaka moto.

Kitu kingine cha kuogopwa ni kamba au kitambaa cha asbestosi, ambacho kwa miaka mingi kilitumika duniani kuvika mabomba ya mvuke, meli na injini. Mabaki yake bado yanaweza kukutwa kwenye mitambo ya zamani. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuthibitisha kuwa aina zote za asbestosi husababisha saratani, na madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Mtu akikuta kamba kuukuu ya rangi nyeupe au kijivu yenye kumomonyoka vumbi, asiikwangue wala kuipuliza kwa upepo wa kompresa.

Kwa ujumla, mwenye gari mjini Chake Chake hana sababu ya kuiga magari ya mashindano ambayo mabomba yake hubadilishwa mara kwa mara na kukaguliwa baada ya kila mbio. Gari lake linatarajiwa kudumu kwa miaka mingi, katika vilima na mvua, likiwa limebeba watu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa ekzosi, ufa haupaswi kufunikwa kwa kitambaa. Unapaswa kuonekana mapema, ili uzibwe.